Rili ya kitovu kipana au ya kawaida: jinsi ya kuchagua kwa bahari ya Mtwara na Lindi

Anayetaka kuanza kuvua kwa fimbo na chambo cha manyoya huuliza mapema sana: ninunue rili ya kitovu kipana au ya kitovu cha kawaida? Ushauri anaoupata kwa kawaida umeandikwa kwa ajili ya mito ya baridi ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu maji ni ya moto, chumvi ni kali, na samaki kama nguru au kolekole akishika ndoana anaondoka na uzi wote uliorusha na bado anadai. Kwa hiyo sababu za kuchagua zinabadilika, na nyingine zinakufa kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu sehemu zenyewe. Spuli ni lile gurudumu linalozunguka na kushika uzi. Kitovu ni ule mduara wa katikati ya spuli ambapo uzi unaanza kuzungushiwa. Juu ya kitovu unakaa uzi wa akiba, mwembamba na mrefu, kisha uzi wa kurushia, ambao ni mnene na una urefu wa kama mita 27 hadi 30, na mwisho lida, yaani kipande cha uzi mwembamba kinachofungwa chambo. Rili ya aina hii haina gia. Ukizungusha mpini mara moja, spuli nayo inazunguka mara moja tu. Habari yote ya kitovu imejengwa juu ya jambo hilo: uzi unaoingia kwa mzunguko mmoja ni sawa na mzingo wa pale uzi ulipo wakati huo, haupungui wala hauzidi.

Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote. Rili inayoitwa ya kitovu kipana na kampuni moja inaweza kuwa ya wastani kwa kampuni nyingine. Chukua rula upime mwenyewe, au soma vipimo kabla ya kuagiza: kipenyo cha spuli nzima, kipenyo cha kitovu, na upana wa spuli kwa ndani. Picha tu bila namba hizo haitoshi.

Kitovu chenyewe hakifanyi kazi unayoidhania

Wauzaji wengi husema kitovu kipana kinakusanya uzi haraka. Si uongo, ila ni nusu ya maneno. Chukua rili mbili zenye kipenyo kimoja cha nje na upana mmoja, moja ina kitovu kipana na nyingine kitovu chembamba, zote zimejazwa uzi hadi karibu na ukingo. Samaki akivuta mita 60 kutoka kila moja, kipenyo cha uzi uliobaki kitakuwa kilekile kwa zote mbili, na kila mzunguko wa mpini utaingiza uzi uleule. Uzi wa akiba uliolala chini ndio umegeuka kuwa kitovu. Tofauti pekee ni kwamba ile ya kitovu chembamba bado ina akiba zaidi, na ni nzito kidogo.

Faida ya kitovu kipana inaonekana unapolinganisha rili zinazobeba uzi sawa. Ili rili ya kitovu kipana ibebe uzi uleule, lazima iwe kubwa zaidi kwa kipenyo cha nje, au iwe na upana zaidi. Huo ukubwa wa nje ndio unaofanya kazi.

Tuweke hesabu. Rili ya kawaida: kipenyo cha nje sm 8, kitovu sm 3. Rili ya kitovu kipana: kipenyo cha nje sm 10, kitovu sm 6.7. Upana ni mmoja. Zinabeba karibu uzi sawasawa. Tuseme uzi wa kurushia unachukua asilimia 40 ya nafasi, na uliobaki wote ni akiba. Zikiwa zimejaa, mzunguko mmoja wa ile ya kawaida unaingiza sm 25, na wa ile pana sm 31. Uzi wa kurushia ukishatoka wote, ni sm 20 kwa sm 28. Nusu ya akiba ikitoka, ni sm 16 kwa sm 25. Hapo kuvuta mita 10 kunataka mizunguko kama 63 kwa rili ya kawaida na 41 kwa ile pana. Mkono uliokwisha kupambana dakika kumi unaijua tofauti hiyo.

Nguru ndiye anayeifichua zaidi. Hukimbia moja kwa moja kwenda mbali, kisha anaweza kugeuka ghafla na kuja upande wako. Uzi ukilegea, ndoana inachomoka. Ukizungusha mpini mara mbili kwa sekunde, rili ya kawaida ikiwa na nusu ya akiba inakusanya sm 32 kwa sekunde, na ile pana sm 49. Hakuna kati ya hizo inayomshinda nguru anayekujia kwa kasi, usidanganywe na tangazo lolote. Kinachosaidia ni mambo mawili kwa pamoja: rili pana, na mwenye upondo au kasia anayejua kusogeza chombo upande wa pili mara tu uzi unapolegea. Ukiwa umesimama kwenye fungu la mchanga, rudi nyuma kwa miguu huku unakunja.

Breki inabadilika samaki anapokwenda mbali

Jambo hili linasahaulika, nalo kwangu ni zito kuliko kasi ya kukunja. Breki ya rili inazuia ekseli isizunguke. Nguvu anayoihisi samaki inategemea umbali kutoka ekseli hadi pale uzi unapotokea. Uzi unavyopungua kwenye spuli, umbali huo unapungua, na mvuto unaongezeka bila wewe kugusa chochote.

Kwa rili zetu mbili, weka breki kilo 1.5 spuli ikiwa imejaa. Nusu ya akiba ikitoka, ile ya kawaida inavuta karibu kilo 2.4, ile pana kilo 1.9. Karibu na mwisho wa akiba, pale kipenyo cha uzi kwenye ile ya kawaida kinapobaki sm 3.5, mvuto umefika kilo 3.4. Ile pana, ikibaki na sm 7, iko kwenye kilo 2.1. Jumlisha na maji yenyewe yanayoukokota uzi mrefu uliojipinda baharini. Lida inakatika ukiwa hujakaza kitu, na unabaki kuilaumu ndoana au fundo.

Ukiwa na rili ya kawaida, dawa ipo: samaki akishachukua akiba nyingi, legeza breki kidogo badala ya kukaza. Watu hufanya kinyume kwa hofu ya kuishiwa uzi.

Sababu ya uzi kujikunja, kwetu haina uzito

Faida nyingine inayosemwa sana ni kwamba kitovu kipana hakiachi uzi wa kurushia na mikunjo kama ya springi. Kwenye maji ya baridi hilo ni tatizo la kweli. Kwenye ghuba ya Mikindani au ya Lindi, ambako uzi unapigwa na jua mpaka unakuwa laini, mikunjo mingi hunyooka ukivuta uzi kwa mikono mara moja kabla ya kurusha. Tatizo letu ni la upande wa pili: uzi uliotengenezwa kwa maji ya baridi unalegea mno kwenye joto, unanata kwenye pete za fimbo na haurukii mbali. Nunua uzi wa kurushia ulioandikwa kuwa ni wa maji ya kitropiki. Ukiona bado unajikunja sana, angalia kwanza kama spuli imejaa. Rili iliyowekewa akiba kidogo inaulaza uzi wa kurushia kwenye duara dogo, hata kama kitovu chake kinaitwa kipana.

Uchague nini, kulingana na unakovua

Kwa kutembea kwenye maji ya magotini wakati wa kupwa, ukimtafuta mwatiko, changu au kolekole wadogo, fimbo namba 8 inatosha (namba huonyesha uzito wa uzi wa kurushia unaoifaa fimbo; ikiwa kubwa, uzi ni mzito zaidi). Chukua rili ya kitovu kipana yenye kubeba uzi wa namba hiyo pamoja na mita 150 za akiba ya ratili 20. Mwatiko hukimbia mbali na kwa muda mrefu, kwa hiyo usikubali akiba ya mita 80 eti kwa sababu maji ni mafupi. Uzito ni wa kuangalia pia, maana utaishika fimbo saa nyingi: funga rili kwenye fimbo, pitisha uzi kwenye pete, kisha laza kishikio juu ya kidole kimoja pale unaposhika kwa kawaida. Ncha ikianguka sana mbele au rili ikizama sana nyuma, kifundo cha mkono kitakuuma kabla maji hayajaanza kujaa.

Kwa nguru na sehewa, ukiwa kwenye ngalawa au mashua nje ya miamba, namba 9 au 10 ndiyo kazi yake. Hapa kipaumbele ni wingi wa akiba: mita 250 au zaidi. Rili ya kitovu kipana mno, yenye kujivunia wepesi lakini inayobeba mita 120 tu, ni mbaya kuliko rili ya kawaida iliyo kubwa. Ukikuta rili ya kawaida ya saizi moja juu, bei nzuri na breki imara, ichukue, ijaze vizuri, na itafanya kazi ileile kama pana. Utalipia kwa gramu za ziada na kwa uzi mwingi wa akiba. Rili zenye kitovu cha wastani mara nyingi ndizo zinazofaa kuliko zote kwa kazi hii, ingawa hazitangazwi sana.

Kolekole wakubwa kwenye ukingo wa matumbawe ni habari nyingine. Hawakimbii mbali sana, wanakimbilia mwamba. Kinachotakiwa ni kumzuia. Fimbo namba 11 au 12, rili ya kitovu kipana yenye breki kubwa ya diski, na akiba ya bredi, yaani uzi wa kusukwa, yenye nguvu ya ratili 50 au zaidi. Angalia pia nguvu ya kiini cha uzi wa kurushia: nyingi ni za ratili 30 hivi, na ukiweka lida ya ratili 80 juu yake, kitakachokatika ni uzi wa bei ghali. Zipo nyuzi zenye kiini kizito kwa ajili ya samaki hawa. Tafuta hizo, au punguza nguvu ya lida.

Kwa perege wa mabwawani na kwenye maziwa madogo kama Kitere na Rutamba, rili ya kawaida ya bei nafuu namba 4 au 5 inatosha kabisa. Perege unamvuta kwa mkono, rili inakaa tu kutunza uzi. Kulipia kitovu kipana hapo ni kutupa pesa. Ukivua kandokando ya Ruvuma, shida yako ni mamba, si rili.

Kabla ya kutia mguu majini, pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya kuhusu leseni. Eneo la Msimbati na jirani zake liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na huko kuna taratibu na maeneo yake.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Maduka ya vifaa vya uvuvi ya Mtwara na Lindi yamejaa nyavu, mishipi, ndoana na chubwi. Rili ya kurushia utaiagiza, na vipuri vyake hutavipata mtaani. Kwa hiyo chagua inayofunguka bila kifaa maalumu, na breki iliyozibwa isiingie maji. Breki ya wazi yenye diski ya koki, lile gome la kutengenezea vizibo vya chupa, ni nzuri sana ikitunzwa, lakini inataka kupakwa mafuta yake maalumu kila baada ya muda, na ukiisahau inakauka na kuanza kushikashika.

Rili ya mtumba ijaribu hivi. Shika spuli uitikise kulia na kushoto: ikicheza sana, beringi au ekseli imelika. Weka breki katikati, vuta uzi polepole kabisa. Unapoanza kutoka, lazima uanze kwa ulaini. Ukihisi kwanza unakwama kisha unaruka, hiyo breki itakata lida yako samaki akianza mbio. Kagua mwili wake pia: aluminiamu iliyochongwa kutoka kipande kimoja na kupakwa rangi ngumu ya kinga inavumilia chumvi kuliko ile ya kumiminwa kwenye kalibu, ambayo ikidondoka juu ya taruma hupasuka au kupinda. Spuli iliyopinda hata milimita moja inasugua fremu, yaani mwili unaoishikilia, na haitengenezeki kwa nyundo.

Hakikisha pia ukingo wa spuli uko wazi kwa nje, ili uweze kuupapasa kwa kiganja kuongeza breki kwa muda mfupi. Na amua mapema unakunja kwa mkono gani. Rili nyingi zinageuzwa kwa kupindua beringi ya ndani inayoruhusu upande mmoja. Fanya hivyo kabla ya kujaza uzi, si baada.

Kujaza spuli

Hapa ndipo rili nzuri huharibiwa. Ili kujua kiasi sahihi cha akiba, jaza kinyume: zungusha kwanza uzi wa kurushia kwenye spuli tupu, kisha uzi wa akiba juu yake mpaka ubaki milimita 5 hivi kufika kwenye nguzo ya fremu. Kata hapo. Kisha toa vyote, uvinyooshe kwenye uwanja au uvizungushe kwenye kopo kubwa, na urudishe kwa mpangilio wa kweli. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo njia isiyokosea.

Fundo la kitovuni ni rahisi. Pitisha ncha ya uzi kuzunguka kitovu, ifunge fundo moja kuuzunguka uzi mkuu, kisha ufunge fundo jingine dogo kwenye ncha yenyewe karibu na la kwanza. Lowanisha, vuta mpaka lijibane. Ukitumia bredi, funika kitovu kwanza na mzunguko mmoja au miwili ya utepe wa mafundi umeme; bila hivyo bredi huteleza na tumba lote la uzi linazunguka juu ya kitovu huku mpini umesimama.

Akiba izungushwe ikiwa imekazwa. Mtu wa pili ashike bobini kwa kitambaa chenye maji, avute kwa nguvu, na wewe utandaze uzi kutoka ukingo hadi ukingo kwa kidole. Bredi iliyolegea ni hatari maradufu: samaki akivuta, uzi wa juu unazama katikati ya mizunguko ya chini na kukwama papo hapo. Na usiishike kwa vidole vitupu samaki akikimbia. Inakata nyama.

Usijaze hadi ukingoni. Ukiwa unapigana na samaki hutandazi uzi kwa unadhifu. Unarundikana upande mmoja, unagusa nguzo ya fremu, na rili inasimama samaki akiwa mita 10 kutoka chomboni. Kwa rili ya kitovu kipana kosa hili hutokea zaidi, kwa sababu nafasi kati ya kitovu na ukingo ni fupi na mrundikano unafika juu upesi.

Kuweka breki, na chumvi

Tumia mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza samaki. Funga lida kwenye ndoano ya mzani, spuli ikiwa imejaa, na vuta uzi moja kwa moja kutoka kwenye rili bila kupitia fimbo. Kaza mpaka uzi uanze kutoka kwenye asilimia 20 hadi 25 ya nguvu ya lida. Lida ya ratili 16 ni kama kilo 7, kwa hiyo kilo 1.5 inafaa kuanzia. Kumbuka namba au alama ya kitufe ilipo, na usikaze zaidi ya hapo samaki akiwa anakimbia. Ondoa vidole kwenye mpini pia: wakati wa mbio mpini unazunguka kwa kasi ya kuvunja kucha.

Baada ya kuvua, osha rili kwa maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na ukiosha nayo umeongeza ulichotaka kuondoa. Kaza breki kidogo wakati wa kumwagia ili maji yasisukumwe ndani, usielekeze mpira wenye presha kali, kisha toa spuli, futa fremu na ekseli, acha vikauke kivulini. Mita za akiba zilizolowa maji ya bahari nazo zinahitaji kuoshwa. Uzi wa chini wenye chumvi huila rangi ya kitovu polepole bila kuonekana.

Mchanga ni adui mwingine, hasa ukilaza fimbo ufukweni. Ukisikia unakwaruza, usiendelee kuzungusha. Toa spuli hapohapo, isuuze baharini kama huna maji mengine, kisha irudishe. Chumvi utaiosha jioni, ila mkwaruzo hautoki. Rili ikishakauka, legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi, maana diski zilizobanwa kwa wiki kadhaa hunata. Siku ya kurudi majini, rudisha mzani na upime upya.